Aya Fupi ya Biblia kama Methali: Suala la Msemaji

Methali ya Kiswahili imeandikiwa kurasa nyingi na wahakiki wetu, na maandishi ya kanga na ya matatu nayo yamepata watafiti wake. Hata hivyo, upo utanzu mwingine mfupi ambao husemwa, huandikwa na kusikika nchini Kenya kila siku, lakini haujahakikiwa kwa kiwango unachostahili, yamkini kwa kudhaniwa kuwa ni mali ya wanateolojia peke yao. Tunakusudia ule mstari mmoja wa Biblia uliotengwa na kitabu chake, akapewa mtu ili umtie moyo au umwonyeshe njia. Mstari huo huandikwa nyuma ya matatu, huchapwa chini ya picha ya marehemu katika tangazo la kifo gazetini, hunakiliwa kwenye jalada la daftari la mtahiniwa, na hutumwa kwa simu kabla jua halijachomoza. Wakati mwingine hufupishwa hadi ukawa jina tu. Duka la vifaa vya ujenzi huitwa Ebenezer, saluni huitwa Jehova Jire, na mpita njia huwa ameshaelekezwa kwenye 1 Samueli 7:12 na Mwanzo 22:14 kabla hajauliza bei ya misumari.

Makala haya yanashikilia kwamba mstari uliotengwa namna hiyo umekwisha kuwa methali kwa matumizi yake, na kwamba unapaswa kupimwa kwa vigezo vya methali: nani anausema, anamwambia nani, na kwa wakati gani. Lawama inayotolewa mara kwa mara dhidi ya desturi hii, yaani kwamba mstari umeng'olewa kwenye muktadha wake, ina ukweli, ila haitoshi. Kila methali imeng'olewa mahali fulani. Tatizo ambalo mhakiki anapaswa kulishughulikia ni kwamba mstari unapong'olewa, kitu cha kwanza kupotea huwa ni msemaji wake, na wa pili kupotea huwa ni yule aliyekuwa akisemezwa.

Tuanze na istilahi yenyewe. Neno "aya" limetufikia kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya ishara au alama, na kwa Waislamu ndilo jina la kila kipande cha sura ya Kurani. Darasani, aya ni fungu zima la insha. Wakristo wengi hulitumia kwa kubadilishana na "mstari", na katika mazungumzo husema "neno" tu: fulani amepewa neno. Jambo ambalo istilahi hizi zote hulificha ni uchanga wa kitu chenyewe. Waandishi wa Biblia hawakuandika mistari yenye nambari. Ugawaji wa sura tunaoutumia huhusishwa na Stephen Langton, mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilitiwa nambari na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551. Paulo aliandika barua. Mpiga chapa ndiye aliyetupa vipande vyake, kila kimoja na anwani yake, na ni anwani hiyo inayomwezesha mtu leo kuandika nambari tatu kwenye kioo cha gari akaeleweka.

Nadharia ya methali inatusaidiaje hapa? E. Ojo Arewa na Alan Dundes, katika makala yao ya mwaka 1964 kuhusu methali za Wayoruba, walisisitiza kwamba haitoshi kukusanya matini za methali bila kuchunguza kanuni za kuzitumia. Ruth Finnegan naye, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, aliupa utendaji na muktadha wa kusemea uzito mkubwa. Msemaji wa Kiswahili huyajua haya bila kusoma nadharia. Anajua kwamba haraka haraka haina baraka, na anajua vilevile kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Haoni ukinzani wowote. Kila methali ina siku yake, na hekima ya mzee haiko katika kuzijua zote mbili bali katika kujua leo ni siku ya ipi.

Biblia yenyewe inalitambua jambo hili. Kitabu ambacho Kiswahili kimekiita Mithali, kwa neno lile lile tunaloutajia utanzu huu, kinaweka bega kwa bega, katika 26:4 na 26:5, mashauri mawili yanayopingana kuhusu kumjibu mpumbavu: la kwanza linakataza kumjibu kwa kadiri ya upumbavu wake, la pili linaagiza. Mhariri aliyeiweka mistari hiyo pamoja hakuwa amesinzia. Alikuwa anamwachia msomaji kazi ya kuchagua. Katika sura iyo hiyo, 26:7, methali iliyo kinywani mwa mpumbavu inalinganishwa na miguu ya kiwete inayoning'inia. Na katika 25:20 anayemwimbia mwenye moyo mzito analinganishwa na anayevua nguo siku ya baridi. Kwa hiyo kigezo cha ufaafu hatukukileta kutoka nje.

Wala si Biblia pekee iliyopitia njia hii. Methali yetu "Baada ya dhiki faraja" inakaribiana mno kimaana na aya ya 5 na ya 6 za Sura ya 94 ya Kurani. Tofauti moja ndogo inafaa kutazamwa. Kiarabu cha aya hizo kinasema kwamba wepesi uko pamoja na uzito. Methali inasema faraja huja baada yake. Aliye katikati ya dhiki akiambiwa la kwanza, anaelekezwa kuitafuta faraja humo humo alimo. Akiambiwa la pili, anaambiwa angoje. Yote mawili yana manufaa, ila si faraja moja.

Sasa tuutazame mstari ambao pengine unaeleza suala letu kuliko mingine yote. Ayubu 8:7 unazungumzia mwanzo mdogo utakaofuatwa na mwisho mkubwa. Ni mstari unaopendwa sana katika ufunguzi wa biashara, katika mahafali, na katika arusi za vijana wasio na kitu. Kwa umbo lake umetimiza sifa zote za methali: una pande mbili zinazopimana, una kinyume kinachoshikika kwa urahisi, na haumtaji mtu. Wachache wanaoutumia huuliza ni nani aliyeusema. Aliyeusema ni Bildadi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu, na aliusema kwa baba aliyekuwa amefiwa na watoto 10. Mistari mitatu tu kabla yake, katika 8:4, Bildadi huyo amemwambia baba huyo kwamba ikiwa watoto wake walikosa, basi wameachiwa matokeo ya makosa yao. Ahadi ya mwisho mkubwa inaning'inia kwenye masharti yaliyotajwa katika 8:5 na 8:6: ukimtafuta Mungu, ukiwa safi. Kalenda hubeba ahadi na kuliacha sharti, pamoja na tusi lililolitangulia.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hapo hoja imekwisha na mstari umehukumiwa. La. Utata unazidi mwishoni mwa kitabu. Katika 42:7 Mungu anawakasirikia rafiki hao kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Na mistari mitano baadaye, katika 42:12, mwisho wa Ayubu unabarikiwa kuliko mwanzo wake. Yaani maneno ya Bildadi yalitimia, karibu kwa msamiati wake mwenyewe, ilhali Bildadi amekemewa. Mwandishi wa kitabu cha Ayubu ametuonyesha kwamba usemi unaweza kuwa wa kweli na bado ukawa kosa kuusema. Ayubu mwenyewe, katika 13:12, anayafananisha maneno ya kukumbukwa ya wafariji wake na majivu. Hayo si malalamiko ya mtu asiyependa methali. Yeye naye hunena kwa mafumbo mazito. Ni malalamiko ya mtu aliyesomewa methali na waliokwisha kuamua kwamba ana hatia.

Kuna jambo jingine katika kitabu hicho ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko hotuba zote za rafiki hao. Katika 2:13, kabla hawajafungua vinywa, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno. Anayejua desturi zetu za matanga ataiona hekima ya kimya hicho mara moja. Jirani anayekuja kuketi, kuosha vyombo na kuteka maji huenda asitaje mstari wowote. Anayeingia akiwa na Warumi 8:28 mkononi, akamwambia mama aliyefiwa kwamba mambo yote yanafanya kazi kwa wema, anasema jambo ambalo mama huyo huenda analiamini kwa moyo wote na ambalo, akilisema yeye mwenyewe baada ya mwaka mmoja, litakuwa ushuhuda. Likitoka kwa mgeni siku ya pili, ni amri ya kunyamaza.

Kupotea kwa anayesemezwa kunadhihirika zaidi katika Yeremia 29:11, mstari ambao kijana yeyote aliyemaliza shule amewahi kutumiwa. Unahusu mawazo mema ya Mungu na tumaini la siku za baadaye. Hapa sarufi ya Kiswahili inatupa msaada ambao Kiingereza cha leo hakina. Kiingereza hutumia kiwakilishi kimoja kwa umoja na kwa wingi, kwa hiyo msomaji wake huona ni yeye pekee anayesemezwa. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 haiachi mwanya huo: wanaoambiwa ni "ninyi". Ni barua iliyopelekwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, ikiwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na wautakie amani mji wa adui. Mstari unaotangulia, 29:10, unataja miaka 70. Wengi wa walioisikia barua hiyo ikisomwa hawangeyaona matimizi yake kwa macho. Sura iliyotangulia ilikuwa na nabii mwingine, Hanania, aliyeahidi kwamba mambo yangetengenea katika miaka miwili, na bila shaka yeye ndiye aliyekuwa na usemi mtamu zaidi. Ajabu ni kwamba wanaoomba kwa Kiswahili mara nyingi huubadilisha wingi wa mstari huu kuwa umoja, wakiufuata mkondo wa Kiingereza na kukiacha kile ambacho lugha yao imekihifadhi. Si kila mahali sarufi itatuokoa, kwa kuwa Isaya 41:10 umo katika umoja ingawa 41:8 umeshaeleza kwamba anayeitwa ni Israeli, taifa zima.

Je, kuwarudisha wasemaji na wasemezwa kunaua faraja? Hofu hiyo ipo, na ndiyo inayowafanya wahubiri wengi kuiacha mistari ilivyo. Sisi tunaona kinyume. Mtahiniwa aliyenakili Wafilipi 4:13 kwa kudhani kwamba ameahidiwa ushindi, atafanya nini matokeo yakiwa mabaya? Mistari ya 11 na 12 inaonyesha kwamba mwandishi, aliyekuwa kifungoni, anazungumzia kujifunza kuishi akiwa na njaa na akiwa ameshiba. Nguvu inayotajwa ni ya kustahimili hali zote mbili. Mstari huo unamhusu aliyeanguka mtihani sawasawa na aliyefaulu, na kwa kweli aliyeanguka anauhitaji zaidi.

Teknolojia imelifanya suala la msemaji kuwa gumu zaidi, ingawa haikulianzisha. Wamoravia wa Herrnhut, Ujerumani, wamekuwa wakichapa kijitabu cha mistari ya kila siku tangu mwaka 1731, na mistari yake ya Agano la Kale huchaguliwa kwa kura. Kura hiyo ina mantiki yake: hakuna binadamu anayekupimia neno, kwa hiyo hakuna anayekuhukumu kwalo, na jumuiya nzima husoma mstari ule ule siku ile ile. Programu ya YouVersion, iliyoanza mwaka 2008, nayo huwaletea wasomaji mstari wa siku, lakini kila mmoja huusoma peke yake kwenye kiganja chake. Kisha huutuma kwa watu 40 kwa mguso mmoja. Hapo ndipo methali inapogeuka. Mzee anayetumia methali barazani anawatazama usoni anaowaambia. Akiona imewakwaza, huilainisha kwa nyingine. Anayetuma mstari kwa watu 40 alfajiri hajui ni yupi kati yao aliyelala hospitalini.

Tumalizie kwa Zaburi 23, ambayo mstari wake wa kwanza ndio pengine unaojulikana kuliko yote. Kiswahili kimeongeza humo utata ambao Kiebrania hakina, kwa kuwa "mchungaji" kwetu ni mlisha mifugo na pia ni kiongozi wa kanisa, na msikilizaji wa mjini huenda akamwona wa pili kabla ya wa kwanza. Lakini lililo kubwa zaidi kifani ni badiliko la nafsi. Katika mistari mitatu ya mwanzo msemaji anamzungumzia Mungu kwa nafsi ya tatu: yeye hunilaza, yeye huniongoza. Anapofika bondeni penye giza, katika mstari wa 4, anaacha kumzungumzia na kuanza kuzungumza naye: wewe u pamoja nami. Kalenda inayochapa mstari wa kwanza peke yake haina nafasi ya badiliko hilo. Makaburini, hata hivyo, zaburi hii mara nyingi husomwa yote, kwa kichwa na kwa sauti ya pamoja, na umati mzima, waliofiwa pamoja na waliokuja kuwasindikiza, hubadilisha nafsi kwa wakati mmoja.