Kosa Lilionekana, Roketi Ikapotea

Programu ya kompyuta hukaguliwa kwa njia kuu mbili. Uchanganuzi tuli husoma msimbo bila kuuendesha, ukitafuta kosa linaloweza kutokea kwa data yoyote. Ukaguzi wa wakati wa uendeshaji huifuata programu ikiwa kazini na kupima thamani halisi. Wa kwanza huona mbali lakini hupiga mayowe ya bure mara kwa mara. Wa pili hausingizii, ila huona lililokwisha kutokea tu.

Tofauti hiyo ilidhihirika Juni 4, 1996, roketi ya Ariane 5 iliporushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Kifaa chake cha kupima mwelekeo kilitumia programu ya lugha ya Ada iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Sekunde 37 hivi baada ya injini kuu kuwashwa, programu ilijaribu kugeuza namba ya desimali ya biti 64 iwe namba kamili ya biti 16, ambayo haivuki 32,767. Thamani hiyo ilitegemea kasi ya mlalo, na Ariane 5 ilikuwa na kasi hiyo kubwa kuliko mtangulizi wake. Namba haikuenea.

Ada ililinasa kosa papo hapo. Lakini kifaa kilikuwa kimeagizwa kujizima kila kosa linapotokea, ili cha akiba kishike zamu. Cha akiba, chenye programu ileile, kilikuwa kimeshajizima. Kompyuta kuu ikausoma ujumbe wa hitilafu kama data ya safari, ikageuza midomo ya injini. Roketi ikapinda, ikameguka na kujilipua.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilibaini kuwa vigeu 7 vilikuwa hatarini kupata kosa kama hilo: 4 vililindwa, 3 vikaachwa ili kompyuta isielemewe. Baadaye programu za Ariane zilipitishwa kwenye kichanganuzi tuli cha Alain Deutsch wa taasisi ya utafiti ya INRIA.

Hata hivyo, kichanganuzi kilichopewa vipimo vya Ariane 4 kingetangaza kuwa kigeu kilichotegemea kasi ya mlalo ni salama. Kwa hiyo uchaguzi kati ya njia hizo mbili huanzia kwenye swali moja: kosa likinaswa, kuna la kufanya? Seva ya tovuti huwashwa upya, na ukaguzi wa uendeshaji huitosha. Pasipo nafasi ya pili, usalama huthibitishwa kabla ya safari, na dhana zilizobeba uthibitisho huo hupimwa upya kila mashine inapobadilika.