Wanagenzi wa Mikate Wavuka Rhine: Safari ya Shule Iliyoniteka Tangu Alfajiri ya Kwanza

Niseme mapema, nisikuweke roho juu: sijapata kuona safari ya shule nzuri kuliko hii. Safari za makumbusho nimeziona, za mbuga za wanyama nimeziona, hata za kuketi bungeni na kusikiliza hotuba, na zote zina faida zake. Lakini hii ya vijana wa ufundi kuvuka mpaka, kuvaa aproni na kukabidhiwa unga wa watu wengine wafanye nao kazi, hii imenishika moyo. Nimetoka bekari na unga hadi kwenye nyusi, na naandika haya kabla furaha haijapoa.

Mahali penyewe ni Freiburg, kusini-magharibi mwa Ujerumani ninakoishi, mwendo mfupi kutoka Mto Rhine, na ng'ambo ya mto ni Ufaransa. Wageni ni wanagenzi wa uokaji mikate kutoka Ufaransa, vijana wa miaka 17 na 18. Wenyeji wao ni wanagenzi wa Kijerumani wa fani ile ile na umri ule ule. Si bahati kwamba wamekutana. Mwaka 1980 serikali za nchi hizi mbili zilikubaliana kuanzisha mpango wa kubadilishana vijana wa mafunzo ya ufundi. Ofisi yake iko Saarbrücken, na siku hizi mpango unaitwa ProTandem. Zaidi ya vijana 100,000 wameshapitia humo: maseremala, wapishi, mafundi umeme, mafundi magari, wasusi.

Na tazama walivyoupanga! Kundi la Kifaransa na kundi la Kijerumani la fani moja huunganishwa. Kwanza hawa huwaendea wale, kisha wale huwaendea hawa. Kwa hiyo hakuna anayebaki mgeni siku zote wala anayebaki mwalimu siku zote. Kijana aliyekucheka ulipoharibu donge lake, baada ya miezi michache yuko kwenu, anaharibu lako, na wewe ndiye unayemshika mkono. Nimetafuta kasoro katika wazo hilo nimekosa.

Kazi inaanza alfajiri. Sheria ya Ujerumani ya kuwalinda vijana kazini hairuhusu wafanye kazi usiku, lakini kwa bekari imelegezwa kidogo: aliyetimiza miaka 16 anaweza kuanza saa kumi na moja alfajiri, na wa miaka 17 saa kumi. Nilipofika, taa za barabarani bado zinawaka, mtaa mzima umelala, na ndani vijana wameshajipanga kwenye meza ndefu mikono imejaa unga. Harufu ya chachu ilinipokea mlangoni. Hapo hapo nikajua siondoki mpaka mkate wa mwisho utoke.

Jambo la kwanza lililonisisimua lilikuwa la namba, naomba uvumilie. Mfuko wa unga wa ngano wa Kijerumani umeandikwa 550. Kule Ufaransa unga unaokaribiana nao huandikwa T55. Vijana wa Kifaransa waliutazama mfuko ule kwa mashaka, wakautia vidole, wakaunusa, wakaulizana. Ndipo mwenyeji mmoja akawachorea kwenye meza iliyojaa unga: namba zote mbili zinapima kitu kimoja, yaani majivu yanayobaki unga ukichomwa maabara. Wajerumani huandika miligramu kwa kila gramu 100 za unga mkavu, Wafaransa huandika asilimia bila ile nukta yake. Unga mweupe sana huacha majivu machache, unga wenye pumba nyingi huacha mengi. Basi! Uso wa binti mmoja ukang'aa ghafla. Miaka yake yote ya mafunzo alikuwa akiisoma ile namba kwenye mifuko ya kwao na kuichukulia kuwa jina tu la unga, sasa amejua inatoka wapi. Ilibidi avuke mpaka ili aufahamu unga wa nyumbani kwake.

Kisha ikaja rai. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, ndugu wa ngano, na Wajerumani huoka nayo mikate mizito ya rangi ya kahawia inayokaa siku nyingi bila kuharibika. Mwokaji wa Kifaransa amelelewa na ngano. Mikono yake inajua kwamba donge hukandwa mpaka lishikamane, lilainike, livutike bila kukatika. Kumbe rai haina habari na mambo hayo. Protini zake hazifumani vile za ngano zinavyofumana, na kuna nyuzi za asili ndani yake zinazonyonya maji mengi mno, hivyo donge hubaki linanata kama tope la masika. Vijana walikanda, wakakanda tena, wakaongeza unga, wakatazamana. Wenyeji wao wakawazuia kwa upole na kuwaonyesha siri yenyewe: rai haishindwi kwa nguvu za mkono, inashindwa kwa uchachu. Donge la jana lililochachuka ndilo linaloleta ukali unaozuia vimeng'enya vya rai visiuvunjevunje wanga wake tanurini. Ukiacha uchachu, mkate hutoka mbichi katikati, unanata kisuni, hata ukiuoka kwa saa ngapi.

Somo hilo lingeweza kuandikwa ubaoni kwa dakika tano, na kesho lingesahaulika. Pale lilikwenda moja kwa moja viganjani, na wale vijana hawatalisahau wakiwa na miaka 60.

Na Brezel! Ule mkate uliofungwa fundo, wenye tumbo nene na mikono myembamba iliyokatizana. Kabla ya kuingia tanurini huchovywa katika maji ya kostiki soda iliyozimuliwa, karibu asilimia nne tu, na mchovyaji huvaa glavu na miwani ya kukinga macho. Ile soda ndiyo inayoupa ngozi ya kahawia iliyoiva na ladha isiyofanana na mkate mwingine wowote. Kufunga fundo lenyewe ni kazi ya kufumba na kufumbua: kijana wa Kijerumani hushika ncha mbili, hurusha katikati ijizungushe hewani, huzibandika ncha, tayari. Wageni walipojaribu, meza nzima ililipuka kwa vicheko. Lakini kabla jua halijapanda, mmoja wao alirusha, fundo likakaa, na bekari yote ikampigia makofi, na mimi nikiwamo, tena kwa nguvu kuliko wote.

Utaniuliza, wanazungumzaje? Wanapewa mafunzo mafupi ya lugha, na mafunzo yenyewe yanawaketisha Mfaransa na Mjerumani pamoja, kila mmoja akimfundisha mwenzake: wewe nipe neno la chumvi, nami nikupe neno la maji. Hawasomeshwi mashairi. Wanajifunza kwanza mizani, tanuri, ndoo, joto, haraka, pole. Wakifika kazini, neno likikosekana mkono unamalizia. Nimeona mazungumzo marefu kuhusu donge lililozidi kuumuka yakiendeshwa kwa maneno yasiyozidi matatu na kidole kimoja kilichobonyezwa kwenye unga. Kidole kikiacha shimo lisilorudi, kila mwokaji duniani anajua maana yake.

Jioni nako kuna shule yake. Nyumba nyingi za Kijerumani bado zina desturi ya chakula baridi cha jioni: mkate uliokatwa slesi, jibini, soseji, matango ya siki, mezani mapema kabisa. Kijana wa Kifaransa aliyezoea kula usiku, chakula moto tena kwa mpangilio wa sahani baada ya sahani, huona mwanzoni kwamba chakula bado hakijaletwa. Kisha anaelewa. Ikiwa mkate ndio mlo wenyewe, lazima ubebe uzito wa mlo, na hapo ndipo rai yote ile ya asubuhi inapopata sababu. Kazi ya karakana imeelezwa na meza ya chakula. Ni mtaala gani mwingine unaofanya hivyo?

Zamu ya marejeo, Wajerumani wanapokwenda Ufaransa, sijaishuhudia bado, na naingoja kwa hamu kubwa. Huko watakutana na amri ya serikali ya mwaka 1993 inayosema mkate wa jadi wa Kifaransa uwe na unga, maji, chumvi na chachu, usigandishwe, usitiwe viungo vya kemikali. Watakutana na sheria ya mwaka 1998 inayomkataza mtu kuliita duka lake bekari ikiwa hakandi na kuoka mkate wake hapo hapo. Watajifunza kuchanja baguette, ule mkate mrefu mwembamba, kwa wembe, ulalo, kwa mkono usiositasita, maana ukisita unga unakwaruzika. Ujuzi huo wa baguette uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2022. Nao Wajerumani wana la kujivunia: utamaduni wao wa mkate uliingia kwenye orodha ya taifa ya urithi huo mwaka 2014. Wanakutana wenye fahari wawili, na fahari inakuwa shule.

Kuzunguka ili kujifunza kazi si jambo jipya huku Ulaya. Mpaka leo utawakuta katika barabara za Ujerumani mafundi vijana waliofuzu, wamevaa suruali pana nyeusi na kofia, wakitembea kwa miaka mitatu na siku moja wakitafuta kazi mji hadi mji, na hawaruhusiwi kukaribia kwao chini ya kilomita 50. Wengi ni maseremala, lakini waokaji nao wamo. Ubadilishanaji wa shule umeitoa hazina hiyo kwa wachache wenye ujasiri na kuwapa wanafunzi wa kawaida, wakiwa na bima, mwalimu na tiketi ya kurudi.

Fedha zipo pia nje ya ProTandem, ule mpango wa nchi mbili. Mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya, awamu ya 2021 hadi 2027, una zaidi ya yuro bilioni 26, na sehemu yake huwapeleka wanafunzi wa ufundi nchi nyingine kwa siku 10 hadi 89, au kwa muda mrefu zaidi, hadi mwaka mzima. Kijana akirudi anaweza kupewa hati ya Europass inayoandika kazi alizofanya na stadi alizopata. Karatasi hiyo naipenda, maana mwajiri haoni maneno ya sifa, anaona kwamba huyu amewahi kuchachua rai kwa mikono yake.

Dosari moja naitaja kwa sababu naipenda safari hii: wiki mbili au tatu za kukaa ugenini ni chache. Kijana anaanza kuzoea tanuri, anaanza kumwelewa fundi wake hata akinong'ona, basi la kurudi linapiga honi. Shule zinazoweza kuomba ule muda mrefu wa Erasmus+, wa miezi mitatu na zaidi, ziuombe bila kusita.

Sasa narudi kwetu, Afrika Mashariki. Pwani yetu ina mkate wa mofa, ina ajemi, ina boflo, na kila mji unashikilia kwamba wake ndio mkate. Tanzania ina mamlaka yake ya mafunzo ya ufundi, VETA, tangu mwaka 1994, Kenya ina sheria yake ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013, na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia wafanyakazi kuvuka mipaka kwa uhuru. Lugha tunayo tayari, kitu ambacho Freiburg wanakihangaikia kwa yale mafunzo mafupi. Mwalimu wa chuo cha ufundi unayesoma haya, mwandikie mwenzako wa upande wa pili wa mpaka. Chagueni fani moja, vijana kumi huku na kumi kule, mtafute mafundi wa kuwapokea na familia za kuwalaza. Wanagenzi wa Tanga waende Mombasa, na wa Mombasa waje Tanga. Anzeni na mkate.