Ngoma Iko Mikononi mwa Nani?

Bibi yangu huko milimani Same huimba kwa Chasu akipalilia tangawizi. Siku moja nilimwuliza mbona harusini kwetu wanawake huimba, ngoma hupigwa na wanaume. Akacheka: "Mjukuu wangu, mpiga ngoma ndiye ajuaye wimbo utaishia wapi."

Kauli hiyo imenifanya niwahoji wahakiki wetu. Wanasema Siti binti Saad ni "sauti ya mwanamke". Sawa. Lakini aliporekodi santuri Bombay mwaka 1928, wapigaji wake, kina Subeti na Mbaruk, walikuwa wanaume. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Sisi tukang'ang'ania maneno, ala tukazisahau.

Kundi la Tausi la Unguja, lililoanzishwa na Mariam Hamdani mwaka 2009, linatuzindua. Taarabu ya zamani huimbwa na kupigwa na wanawake wenyewe, udi na kanuni vikiwa mapajani mwao. Hawamwondolei Siti sifa yake, wanaikamilisha.

Basi jamani, tunapohakiki fasihi simulizi tusiishie kwenye shairi. Tuulize pia swali la bibi.