Risasi Nyembamba ya Karamoja

Ziwa Nakivale, jirani yetu sisi wa Juru hapa Uganda, na Ziwa Mburo yamo katika ardhioevu moja. Kwenye ranchi zinazopakana na Hifadhi ya Mburo, uwindaji wa kulipia ulirudishwa kwa majaribio mwaka 2001, baada ya marufuku ya 1979. Mtu akifikiria kununua bunduki ya kuwindia huko, swali lake la kwanza huwa ukubwa wa risasi. Historia ya Uganda yenyewe inaonyesha kwamba hapo sipo pa kuanzia.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskoti Walter Bell aliwinda tembo Karamoja. Baadhi ya wenzake walibeba bunduki za .577, nzito kama kilo sita. Yeye alipenda .275 ya Rigby, bunduki nyepesi ya komeo la Mauser na kitako cha mbao, yenye risasi ya milimita 7.

Iliwezekanaje risasi nyembamba hivyo imwangushe tembo? Risasi ya .577 ilikuwa na gramu 48 hivi, ya Bell gramu 11. Lakini ile nene ilikuwa na uso mpana zaidi ya mara nne, kwa hiyo uzito uliosukuma kila milimita ya mraba ya uso ulikaribia kuwa sawa. Ya Bell, ngumu na ndefu, ilipenya mfupa bila kupinda. Nene ilitoboa tundu kubwa zaidi, ila teke lake lilimtikisa mpigaji. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Kupenya kulitokana na umbo la risasi. Kulenga kulitokana na kumjua mnyama.

Komeo nalo lilichangia. Mauser ya 1898 ina meno mawili mbele yanayojifunga nyuma ya chemba, na kucha pana inayoshika ganda tangu linapopanda kutoka magazini. Si rahisi ganda lianguke au likwame hata mkono ukitetemeka.

Udhaifu uko kwenye mbao. Mbao hunywa unyevu masika na kukauka kiangazi, na ikivimba husukuma mtutu, shabaha ikahama. Pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao. Ikikwama, usihukumu papo hapo, maana wapo mafundi wanaouegemeza kwa makusudi. Jaribu shabaha mtutu ukiwa baridi, siku mbili tofauti. Kagua pia ufa nyuma ya komeo, pale teke linapoingia kwenye kitako.

Ufundi wa Bell uliangusha tembo zaidi ya elfu moja, na hilo linaniuma. Elimu ileile leo ina kazi nyingine: swala pala afe kwa risasi moja, bila kukimbia na jeraha, na awe yule tu aliyeandikwa kwenye kibali. Bunduki nayo huhitaji kibali chake: mnunuzi wa hapa Uganda aanze na cheti cha Sheria ya Silaha ya 1970, kabla ya fedha.

Akishakipata, ahakikishe bunduki ni tupu, afumbe macho na kuiweka begani, kisha ayafumbue. Jicho likikuta nyuzi za kulengea zimejipanga zenyewe, kitako hicho ni chake. Kama inabidi akunje shingo, airudishe.