Kuchagua Njia ya Mwanagenzi

Waendesha pikipiki wa safari ndefu husifiwa kwa majangwa waliyoyavuka. Aliyefika Loiyangalani kwa magurudumu mawili atasimulia mpaka uzeeni, na aliyepita Chalbi, kule Marsabit, haulizwi tena kama anajua kuendesha. Mimi sifa zangu nampa mtu mwingine: yule anayeinamia ramani, akaulizia mvua, akatangulia mwenyewe kuipita njia, ndipo akamwambia mwanagenzi, "Kesho tutapita hapa." Kazi hiyo ni ufundi kamili, na naiona ngumu kuliko kuendesha kwenyewe.

Kuendesha nje ya lami hakufundishiki kwa maneno. Mwambie mtu mara kumi asimame juu ya vikanyagio, alegeze mikono, atazame mbali badala ya kulikodolea macho jiwe lililo mbele ya gurudumu. Hatakuelewa mpaka njia yenyewe imwonyeshe. Njia ikiwa ngumu mno, mwili hukakamaa, na mwili uliokakamaa haujifunzi ila hofu. Ikiwa laini mno, mtu hurudi nyumbani akidhani ameshahitimu. Fundi hutafuta njia inayoleta ugumu mmoja mmoja, na baada ya kila ugumu pawe na kipande cha kupumulia.

Huanza na udongo. Moramu iliyoshindiliwa haina hila, na hapo ndipo pa kuanzia. Ikitapakaa changarawe juu yake, pikipiki huchezacheza chini ya mtu, naye hujifunza kuiachia icheze. Mchanga wa makorongo una somo lake. Gurudumu la mbele huyumba, na dawa yake ni kuongeza mafuta kidogo na kurudisha uzito nyuma, ilhali silika ya mwenye hofu humwamuru ashike breki. Kwa hiyo mchanga wa kwanza uwe mfupi: korongo moja, kingo zake ziwe za chini, na ng'ambo yake pawe na ardhi imara. Kuna pia vile vijituta vilivyojipanga barabara nzima, vinavyochongwa na magari yaendayo kasi juu ya moramu kavu. Barabara ya Isiolo hadi Moyale iliogopwa kwa ajili ya hivyo kabla ya kutiwa lami. Kipande kifupi chatosha. Saa nzima ya mtikisiko humchosha mwanagenzi bila kumwongezea kitu.

Udongo mweusi ndio unaompambanua fundi na mbabaishaji. Kwenye mbuga za Kitengela na Isinya, wakati wa kiangazi, udongo huo ni mgumu na una nyufa, na mtu yeyote anapita. Ukinyeshewa, hunata, hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu ligome kuzunguka. Njia ni ile ile: Februari ni ya mwanagenzi, Aprili haimfai hata bingwa. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema njia fulani ni rahisi bila kutaja mwezi. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hubadilisha kila kitu, na korongo laweza kushuka maji chini ya jua kali kwa sababu ya mvua iliyonyesha juu milimani, mahali usipopaona.

Nikiulizwa mahali pa kumpeleka mwanagenzi kutoka Nairobi, nataja upande wa Magadi. Lami inapita Kiserian na Kona Baridi, ikateremka Bonde la Ufa, ikapita karibu na Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe katika miaka ya 1940, hadi Ziwa Magadi. Ni kama kilomita 110, na kutoka kimo cha mita 1,700 hivi jijini utakuwa umeshuka hadi mita 600 hivi. Uzuri wake ni kwamba njia za udongo zinachepuka kushoto na kulia, na anayechoka hurudi kwenye lami. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: asubuhi unaelekea kusini-magharibi, jua liko mgongoni, alasiri unarudi, liko mgongoni tena. Mwanagenzi hapigani na mwanga. Akiiva, njia inaendelea ng'ambo ya ziwa kuelekea Nguruman, kwenye mawe, vumbi jepesi na makorongo. Lakini aondoke alfajiri, abebe maji ya kutosha, kwani joto la mchana kule hupita nyuzi 35.

Ramani ya simu haijui lolote kati ya haya. Wanaojua ni vijana wa bodaboda, wanaopakia maziwa, makaa na abiria kwenye njia hizo kila siku. Nenda stegini, umtafute aliyetoka huko sasa hivi, vumbi bado limo kwenye nyusi zake. Usimuulize kama njia ni nzuri, kwa sababu kwake zote ni nzuri. Muulize kama gari dogo la Probox linafika. Muulize kama mama mjamzito hupitishwa hapo kwenda kliniki. Na mzee wa Kimaasai anayechunga kando ya barabara, msalimu kwanza kwa heshima, kisha umuulize kuhusu mvua. Pia umuombe ruhusa ya kupita, maana huenda ukaita njia kile ambacho kwake ni malisho.

Chombo chenyewe kiwe chepesi. Pikipiki kubwa za safari huzidi kilo 200, na mwanagenzi asiyeweza kuinua yake ikilala hajapewa njia, hata ichaguliwe vipi. Na mbuga za taifa ziepukwe, kwa kuwa kwa kawaida pikipiki haziruhusiwi humo.

Basi wewe uliyekwisha kuzoea, mwenye ndugu anayetaka kujifunza, usimpeleke unakopenda wewe. Tangulia wiki hiyo hiyo, uliza stegini, hesabu makorongo, ndipo umwite. Nawe mwanagenzi, muulize anayekuongoza alipita huko lini mara ya mwisho. Akijibu kuwa ni mwaka jana, muombe apite tena kwanza.