Mafuta Yaliachwa Yang'ae

Kosa hufanyika kwenye fomu ya maombi ya picha, kabla mgonjwa hajalazwa kwenye mashine. Mtu ambaye jicho lake moja linafifia taratibu haandikiwi "MRI ya kichwa" basi. Hapo sina mjadala.

Someni uchambuzi wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, wa mwaka 2019: wagonjwa 35 wenye meninjioma ya ala ya neva ya jicho, na 25 kati yao waligunduliwa kwa kuchelewa, wastani wa zaidi ya miaka 5. Kwa 15 kati ya hao, vipimo vilikosewa. Miaka 5 kwa uvimbe ambao picha moja sahihi huuanika!

Tuje kwenye picha yenyewe, maana hapa ndipo ninapokasirika. Neva ya jicho ina unene wa milimita 4 hivi. Piga kichwa kwa vipande vya milimita 5, kipande kimoja kinaimeza nzima. Tena nyuma ya jicho kumejaa mafuta, na kwenye T1 mafuta huwaka meupe. Ukimtia mgonjwa gadolini bila kuzima mafuta, ala iliyovimba nayo itawaka nyeupe, ipotelee humo humo. Dawa imekwenda bure. Zima mafuta, omba vipande vyembamba vya matundu ya macho, na reli mbili nyeupe zitajitokeza kandokando ya neva. Kwenye mkato wa mbele utaona duara. CT ikionyesha na chokaa kwenye ala, maneno yamekwisha. Glioma ya neva ya jicho ya mtoto mwenye NF1 (neurofibromatosisi aina ya 1) haina sura hiyo: pale neva yenyewe ndiyo hunenepa na kujipinda.

Kutochukua kinyama cha kupima (biopsi) pale picha zinapojitosheleza ni sahihi kabisa.

Lakini kuuita uvimbe huu neuritisi ya neva ya jicho! Wagonjwa 12 kati ya wale 25 walibandikwa jina hilo. Neuritisi huuma: kwenye jaribio kubwa la Marekani kuhusu neuritisi hiyo, asilimia 92 walikuwa na maumivu, na kuona kwa kawaida huanza kurudi ndani ya wiki chache. Jicho linalozorota mwezi hadi mwezi bila kuuma linapewaje steroidi? Wagonjwa 6 walipewa, bila haja.

Mwaka 1973 madaktari Frisén, Hoyt na Tengroth walieleza dalili tatu za meninjioma ya nyuma ya jicho: kuona kunapungua, diski ya neva inapauka, na vena za optosilia zinaota juu yake. CT ilikuwa imetangazwa mwaka mmoja tu kabla, na Lauterbur ndiyo kwanza anachapisha picha yake ya MRI. William Hoyt alianza na ofthalmoskopu, akajua pa kutafuta kabla ya kuagiza picha yoyote. Siku hizi wengi huanza na mashine ya tesla 3, na diski hakuna aliyeimulika.