Mama Kayai na Kipimo cha Mwigizaji

Wakitajwa waigizaji wa kike mbele ya wanafunzi wenzetu, aghalabu wanaokumbukwa kwanza ni wale wa Hollywood: vijana, wembamba, wenye nyuso laini. Kipimo hicho kimeingia mpaka kwenye filamu zetu za Bongo, na hata kwenye maigizo ya vyuoni, ambako msichana mnene hupewa uyaya au umama mkwe, basi. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho ni kibovu. Shahidi wetu ni Mama Kayai.

Mama Kayai ni jina la kuigizia la Mary Khavere wa Kenya. Alijulikana kwa kichekesho cha Vitimbi, kilichoanza miaka ya 1980 katika televisheni ya Sauti ya Kenya, kituo ambacho mwaka 1989 kiligeuka kuwa KBC. Humo alikuwa mke wa Mzee Ojwang, yaani Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Mama huyu si mwembamba, wala hajisumbui kuonekana msichana. Lakini akishaingia tu, jamani, mwenye nyumba anajulikana!

Ufundi wake uko wapi? Kwanza, katika mwili. Akisimama mikono kiunoni, Ojwang na hila zake hana pa kupita. Pili, katika kimya. Mume anapopayuka, yeye humtazama kwanza. Mtazamaji anaanza kucheka kabla mama hajafungua kinywa. Tatu, katika sauti, ambayo haibembelezi mtu. Mambo hayo matatu yanahitaji mazoezi, na hakuna hata moja linalohitaji kiuno chembamba.

Tulinganishe na Marekani. Hattie McDaniel alikuwa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kupata Oscar, mwaka 1940, kwa filamu ya Gone with the Wind. Alikuwa fundi kwelikweli, lakini alipewa uhusika wa mtumishi. Hollywood ilimruhusu mama mnene achekeshe, ila ndani ya nyumba ya wengine. Mama Kayai anachekesha nyumbani kwake. Ugomvi ni wake na hukumu ni yake.

Sisi watu wa Ifakara hatuna haja ya kusafiri mbali ili tulielewe jambo hili. Katika bonde letu la Kilombero tumewaona watani wakifika msibani. Mama mtani anaingia, anaiga mwendo wa marehemu na jinsi alivyokuwa akikohoa au kugomba, kisha anadai fedha yake. Hakuna anayeuliza kama mama huyo ni mrembo. Linaloulizwa ni moja: amempata marehemu au hakumpata? Wafiwa wakicheka huku machozi yanawatoka, amefaulu. Hicho ni kipimo cha sanaa, nacho ni kikali kuliko cha Hollywood.

Wapo watakaosema kwamba Mama Kayai ni yule yule mke mgomvi wa vichekesho vyote, na kwamba lafudhi ya Kijaluo inaligeuza kabila la watu kuwa kituko. Hoja ya pili ina uzito. Wanjau alikuwa Mkikuyu aliyeigiza Mjaluo, na mzaha wa namna hiyo, pasipo mkataba wa utani kati ya pande mbili, unaweza kuuma. Hoja ya kwanza tunaikataa. Mke mgomvi wa kawaida hugomba ili mume aonewe huruma. Mama Kayai hugomba kwa sababu amegundua uongo, na mtazamaji naye ameuona. Kwa hiyo tunacheka tukiwa upande wake.

Wahakiki wetu wamezoea kuandika kurasa nyingi juu ya tanzia na kuviacha vichekesho vya televisheni kana kwamba si sanaa. Matokeo yake mabinti wenye kipaji wanakaa nyuma ya pazia wakishona mavazi ya wenzao. Basi, tutakapogawa nafasi katika igizo letu lijalo, walimu na wanafunzi tuanze na swali la msibani: anaweza, au hawezi?